Neno Linalotangulia Kete

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam tarehe 26 Juni mbele ya familia za waraibu, wauguzi, washauri na watu walio katika nafuu. Inatolewa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mgeni rasmi. Wazee wetu wa mtaa. Wauguzi na washauri wenzangu. Akina mama na akina baba mliokuja na watoto wenu, na ninyi mliokuja peke yenu kwa sababu hamjui watoto wenu jana wamelala wapi. Na ninyi ndugu zangu mlio katika nafuu, mliokunywa dozi ya dawa yenu asubuhi kwenye dirisha la kliniki na kuja moja kwa moja hadi ukumbini: Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Tarehe ya leo, 26 Juni, ilitengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987 ili dunia ikumbuke madhara ya dawa za kulevya na ya biashara yake haramu. Kila mwaka, siku kama hii, tunasikia habari za shehena zilizokamatwa, na ni vema tuzisikie. Mimi nimeombwa niseme juu ya kitu kidogo kuliko shehena, kidogo hata kuliko kete, kile kipakiti cha heroini kinachouzwa mtaani. Nitasema juu ya maneno machache ambayo mraibu hujiambia kimoyomoyo kabla mkono wake haujanyooka kupokea, na juu ya tiba inayomfundisha kuyasikia maneno hayo, kuyahoji na kuyajibu. Sisi washauri tunaiita tiba ya fikra na mwenendo.

Niruhusuni nianze nyumbani kwetu, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza umuhimu wake, na nilijifunza nikiwa nimechelewa.

Mdogo wangu wa kiume alianza kutumia unga, yaani heroini, akiwa na umri wa miaka 21. Familia yetu ilifanya kile ambacho wengi wenu mmekifanya. Tulimfungia chumbani. Tulimsikia akitapika, akiharisha, akilalamika kwamba mifupa inapasuka, akitetemeka chini ya mablanketi mawili mchana wa joto la Februari. Arosto, yaani mateso hayo ya mwili uliokosa unga, ilipokwisha, mama alichinja kuku, tukamshukuru Mungu, tukampandisha basi kwenda kwa babu, Handeni. Kule alilima, alinenepa, alirudi kusali. Baada ya miezi 5 tulimrudisha mjini, na kila jirani aliyemwona alisema, “Huyu amepona.” Siku ya nne alipita kijiweni kuwasalimia rafiki zake wa zamani. Alitumia kiasi kilekile alichokizoea kabla hajaondoka, na mwili wake, ambao kwa miezi 5 ulikuwa umeusahau unga, haukukihimili. Aliacha kupumua kabla ya kufikishwa hospitali.

Nasimama hapo kidogo, mama zangu, kwa sababu jambo hili linaua watu ambao familia zao zinaamini wamekwisha kuokoka. Mtu aliyekaa miezi bila heroini, awe ametoka gerezani, ametoka shamba au ametoka katika nyumba ya upataji nafuu, akirudia kiasi chake cha zamani yumo katika hatari kubwa kuliko yule anayetumia kila siku. Mwili umepoteza ustahimilivu wake. Ukimkuta mtu wa namna hiyo hazinduki, anakoroma kwa shida na midomo imebadilika rangi, usimmwagie maji wala usimpige makofi ukisubiri aamke mwenyewe. Mkimbize hospitali, ukaseme wazi kwamba ametumia unga, kwa kuwa ipo dawa inayoitwa naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi, na mhudumu hawezi kuifikiria haraka kama umemficha ukweli kwa ajili ya aibu.

Msibani, mzee mmoja wa ukoo wetu, mtu mwema aliyempenda sana marehemu, alinishika bega akaniambia, “Ndiyo hivyo, mwanangu. Sikio la kufa halisikii dawa.” Niliitikia kwa kichwa. Kwa miaka kadhaa niliuamini msemo ule, na uliniliwaza, kwa maana ulitupunguzia sisi tuliobaki mzigo wa kujiuliza. Leo siuamini tena. Ni dawa gani tuliyompa mdogo wangu ambayo sikio lake lilikataa kuisikia? Tulimpa kufuli. Tulimpa safari. Tulimpa mawaidha, tena mengi, mengine kwa machozi na mengine kwa mkanda. Hakuna hata mmoja wetu aliyeketi naye akamuuliza, “Saa ile hamu inapokushika, ukiwa peke yako, unajiambia nini?” Tulitibu arosto tukadhani tumetibu uraibu. Huko Handeni hakukuwa na kijiwe, kwa hiyo hakupata hata siku moja ya kujifunza jinsi ya kukipita.

Swali hilo ambalo hatukumuuliza lina historia yake. Katika miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Aaron Beck, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, alikuwa akiwatibu watu wenye sonona. Aliona kwamba nyuma ya yale waliyomwambia kulikuwa na maneno mengine, mafupi na ya haraka, yaliyopita akilini mwao bila kuitwa, na ambayo waliyaamini bila kuyapima: “Sifai kitu.” “Hakuna anayenitaka.” Aliwafundisha kuyakamata maneno hayo, kuyaandika, na kuyadai ushahidi kama hakimu anavyomdai shahidi. Wako wanaodhani kwamba tiba hii ni kumwambia mgonjwa afikirie mambo mazuri. Sivyo. Mgonjwa anafundishwa kupima, na akipima akakuta jambo ni baya kweli, basi linashughulikiwa kama jambo baya. Beck aliishi hadi kutimiza miaka 100, akafariki mwaka 2021, na miaka mingi kabla ya hapo yeye na wenzake walikuwa wameipeleka njia hiyo kwa waraibu.

Kwa waraibu walikuta nini? Walikuta imani za aina tatu zinazofuatana kama behewa na behewa. Kwanza huja imani ya matarajio: “Nikivuta ndipo nitachangamka, ndipo nitaweza kukaa na watu.” Kisha huja imani ya nafuu: “Hali hii siiwezi, nisipopata nitakufa.” Na mwisho huja imani ya ruhusa: “Leo nimefanya kazi sana, nastahili.” “Moja tu.” “Hii ni ya kuagia.” Ninyi mlio katika nafuu mnacheka kwa sababu mnayajua. Ni wangapi humu ukumbini wamewahi kuvuta kete ya kuagia? Na ni wangapi wameiaga mara moja tu?

Maneno ya ruhusa ndiyo nawaomba muyakumbuke kuliko yote nitakayosema. Mraibu anajua kwamba unga unaua. Anajua kuliko mimi na wewe, amewazika wenzake. Maarifa hayo yamo kichwani, lakini dakika ile yanapitwa na sentensi fupi inayofungua mlango, na sentensi hiyo hupita upesi hivi kwamba yeye mwenyewe atakuambia, tena kwa unyofu, “Sikufikiria chochote, nilijikuta tu nimeshavuta.” Kazi ya mshauri huanzia kwenye neno hilo “nilijikuta”. Hakuna mtu aliyejikuta. Kulikuwa na hatua, na hatua zinaweza kuhesabiwa.

Yupo kaka yetu mmoja, kondakta wa daladala, ambaye amenipa idhini niseme habari zake. Alikuwa ameshaanza methadoni, dawa inayonywewa kliniki kila siku badala ya heroini, arosto haimsumbui tena, lakini kila baada ya wiki mbili au tatu alikuwa akirudia unga, na kila mara alijibu vilevile: alijikuta. Tukachukua karatasi, tukaanza na kete yenyewe, tukarudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayefuata nyayo zake mwenyewe matopeni. Kabla ya kete alikuwa wapi? Kijiweni. Kabla ya kijiwe? Njiani, peke yake. Kwa nini alishika njia ile, ambayo si ya kwao? “Nilikuwa napita kumdai jamaa yangu elfu tano.” Kabla ya hapo? Alikuwa amemaliza kazi, tajiri wa gari amepokea hesabu yake, mfukoni kumebaki elfu kumi na tano, dereva amemtukana mbele ya abiria, tumboni hana kitu tangu chai ya saa nne asubuhi. Tukakaa kimya. Kisha nikamuuliza, “Hiyo elfu tano unaidai tangu lini?” Akatazama chini. Aliidai tangu mwaka uliopita. Na huikumbuka lini? Huikumbuka jioni anayotukanwa.

Ndugu zangu, deni lile ndilo lililokuwa limebeba kete. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliyetumia maisha yake kuchunguza kwa nini watu walioacha hurudia, alilieleza jambo hili vizuri: ni uamuzi mdogo unaoonekana hauhusiani na chochote, lakini unampeleka mtu hatua kwa hatua hadi mahali ambapo kukataa kumekuwa kugumu mno. Kumpigania mraibu akiwa ameshafika kijiweni ni kumpigania mahali pa mwisho na pagumu kuliko pote. Mpiganie pale kituo cha daladala, akiwa bado ana njia mbili mbele yake.

Basi kaka yetu aliandika mpango wake kwenye kadi ndogo inayoingia mfukoni. Pesa inatumwa kwa dada yake kwa simu kabla hajatoka kituoni. Anakula kwanza, hata kama ni viazi vya mama ntilie aliye mlangoni, kwa sababu njaa humfanya kila neno la ruhusa lisikike kama hoja. Anapita barabara kubwa. Na deni la elfu tano amelisamehe. Mlango ule aliona ni nafuu kuufunga kwa hasara ya elfu tano.

Lakini je, hamu ikimkuta hata kwenye barabara kubwa? Itamkuta, na hatumfichi. Hapa tunamfundisha jambo ambalo wavuvi wa pwani wanalijua tangu utotoni: wimbi lina kupanda na lina kushuka. Hamu ya kutumia, hata iwe kali namna gani, haipandi bila kikomo. Hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya dakika chache au nusu saa, hata kama hukuilisha. Mraibu haamini hivyo, kwa sababu kwa miaka yote hajawahi kuingoja ishuke. Kila ilipopanda aliilisha, akaamini kwamba kilichoishusha ni kete. Mvuvi hakimbii wimbi kwa kuligeuzia ubavu wa ngalawa, atapinduka. Analielekezea omo, yaani pua ya chombo, anaacha limpandishe, limshushe. Vivyo hivyo tunamwambia mtu aitazame saa, aseme mwilini inamkaa wapi, kifuani au tumboni au mikononi, apumue, ampigie mtu simu, na kila baada ya dakika chache aipe alama kutoka 0 hadi 10. Siku ya kwanza anaona alama imeshuka kutoka 9 hadi 4 pasipo kete, mtu huyo amejionea ushahidi ambao mawaidha yangu ya mwaka mzima yasingempa.

Na kuna kufanya mazoezi. Nalisema hili hasa kwa washauri vijana mnaopenda kuzungumza. Katika tiba hii kikao ni darasa, na kazi yenyewe iko mtaani kati ya kikao na kikao. Mtu anayetaka kujua kumkatalia rafiki hafundishwi kwa maelezo. Anasimama, mwenzake anajifanya yule rafiki, anamwambia, “Njoo bwana, moja tu, nakununulia mimi,” naye anajibu kwa sauti, akiwa wima, akimtazama machoni: “Nimeacha, kaka. Wasalaam.” Halafu anaondoka. Tunarudia mara tano, mara kumi. Mara ya kwanza karibu kila mtu husimama kueleza na kuomba radhi, na anayesimama kueleza bado yupo kijiweni.

Sasa nageukia neno ambalo nimelisikia hata leo asubuhi pale mlangoni. Neno “teja”. Mtu akiitwa teja miaka kumi, na mama yake, na mwenyekiti wa mtaa, na watoto wanaokwenda shule, hatimaye huitikia kwa jina hilo hata akiwa peke yake gizani. Linakuwa mojawapo ya yale maneno mafupi ya haraka ambayo Beck aliyatafuta: “Mimi teja, teja hufanya hivi.” Hilo nalo ni neno la ruhusa, na ruhusa hiyo tumeiandika sisi. Semeni mraibu. Semeni mgonjwa. Vema zaidi, mwiteni jina alilopewa alipozaliwa.

Mara nyingi ninapomaliza kueleza haya, mzazi mmoja hunyoosha mkono na kuuliza, kwa heshima, kama tiba hii si ya Wazungu, ya watu wenye bima na daktari wa peke yao, na ambao kukaa wakazungumza habari za mawazo yao ni desturi yao. Ni swali la haki, na siwezi kulijibu kwa imani yangu tu. Nawapeleka Eldoret, magharibi mwa Kenya.

Pale Eldoret, katika mpango wa AMPATH unaowahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wahudumu walikuwa na tatizo ambalo hata huku tunalijua. Pombe, na hasa ile ya kienyeji, busaa na chang’aa, ilikuwa ikiharibu matibabu ya wagonjwa wao, kwa sababu mlevi husahau vidonge vyake. Mtafiti Rebecca Papas na wenzake wa Kenya waliichukua tiba ya fikra na mwenendo, na badala ya kuipokea kama ilivyoandikwa Marekani, waliirekebisha ifuate maisha ya pale. Waliifanya kwa Kiswahili. Waliifanya kwa vikundi, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, vikao sita, kimoja kila wiki. Na walioongoza vikundi hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa washauri wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa kwa makini. Jaribio la kwanza, lenye watu 75, lilichapishwa mwaka 2011 na likatia moyo. Wakafanya la pili, kubwa, lenye watu 614, lililochapishwa mwaka 2021. Nusu walipata tiba hii, nusu walipata elimu ya kuishi kwa afya, ili asije mtu akasema kwamba kilichosaidia ni kukusanyika tu. Kwa miezi 9 waliyofuatiliwa, wale wa tiba ya fikra na mwenendo walipunguza zaidi siku za kunywa, na hata siku walizokunywa walikunywa kidogo zaidi.

Mmenisikia, wazazi wangu? Kwa Kiswahili. Kwa washauri wa kawaida. Kwa watu maskini wenye maradhi mawili kwa pamoja.

Nami naona sababu mojawapo ni hiyo kazi ya kurekebisha. Fikirini mwanamke wa kijijini ambaye pombe anayotaka kuiacha ndiyo anayoipika ili watoto wale. Kitabu kilichoandikwa Connecticut, Marekani, kitamwambia aepuke mahali penye pombe. Mahali hapo ni jikoni kwake. Huwezi kumsaidia usipojua kwamba kuonja ni sehemu ya kupika, kwamba mteja humwambia “anza wewe mama”, na kwamba saa yake ya hatari ni ile ambayo wateja wameondoka na mtungi umebakiza kidogo. Maneno yake ya ruhusa yanatoka katika maisha yake, kwa hiyo lazima yatafutwe kwa lugha anayoiwazia.

Ningekuwa mshauri mbaya kama ningeishia hapo, nikawaacha mkidhani kwamba nimeleta dawa ya kila kitu. Huko Marekani ulifanyika utafiti mkubwa juu ya uraibu wa pombe, uliohusisha watu 1,726, matokeo yake yakatoka mwaka 1997. Ulilinganisha tiba hii na njia mbili nyingine, mojawapo ikiwa ile ya kuwaandaa watu kwa vikundi vya hatua kumi na mbili, ambamo waraibu hukutana na kusaidiana wao kwa wao. Watu wa njia zote tatu walipata nafuu kubwa, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Kwa hiyo ndugu aliyepata nafuu katika kikundi chake cha hatua kumi na mbili asinyang’anywe kikundi chake.

Na juu ya heroini nasema kwa mkazo zaidi. Methadoni ndiyo nguzo. Tangu kliniki ya Muhimbili ilipofunguliwa Februari 2011, tumewaona watu waliokuwa wakilala mitaroni wakirudi makazini. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale kwa wagonjwa 141 waliokuwa wakitumia buprenofini, dawa ya jamii hiyohiyo, ulionesha mwaka 2013 kwamba walioongezewa tiba ya fikra hawakuwapita walioipata dawa pamoja na uangalizi mzuri wa daktari. Kwa hiyo nisije nikasikia mshauri yeyote akimwambia mtu, “Acha methadoni, wewe rekebisha mawazo yako tu.” Huko ni kumpeleka alikokwenda mdogo wangu. Vilevile mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka asikatize ghafla nyumbani bila kuonana na daktari, kwa maana arosto ya pombe inaweza kuleta degedege na kuua.

Kwa nini basi ninaipenda tiba hii, ikiwa ina mipaka? Kwa sababu ya kitu ambacho Kathleen Carroll, mtafiti wa Yale, alikiona kwa waraibu wa kokeini na kukichapisha mwaka 1994. Aliwafuatilia kwa mwaka mmoja baada ya matibabu kwisha, akaona kwamba wale waliopata tiba ya fikra na mwenendo waliendelea kupata nafuu zaidi hata baada ya vikao kukoma. Kaka yetu kondakta hayupo mbele yangu saa mbili usiku. Kadi yake ndiyo iliyopo.

Nakaribia mwisho, lakini bado kuna dada mmoja ambaye siwezi kuondoka bila kumtaja. Jina lake silisemi, na baadhi ya habari zake nimezibadilisha. Alikaa miezi 11 bila unga. Ukafika msiba wa mama yake mdogo, na usiku wa matanga akavuta kete moja. Asubuhi hakuja kunywa dozi. Siku ya pili hakuja, siku ya tatu hakuja. Mlinzi wetu alipomkuta, alikuwa ametumia kwa siku tatu mfululizo. Nilimuuliza, “Ile kete moja naielewa, ulikuwa na majonzi. Hizi nyingine zimetoka wapi?” Akanijibu kwa methali ambayo sote tumeisikia kwa bibi zetu: “Maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge.”

Angalieni. Msiba ndio ulioleta kete ya kwanza, lakini hizi nyingine zililetwa na methali. Ile sauti iliyomwambia “umeshaharibu, miezi 11 imekwenda bure, huna uso wa kuonana nao” ndiyo iliyomzuia asije kliniki siku ambayo alihitaji kliniki kuliko siku zote. Marlatt aliichunguza hali hii kwa miaka mingi na kuiandika mwaka 1985: mtu aliyeapa kutogusa kabisa, akigusa mara moja, huangushwa na hukumu anayojipa kuliko kile alichokigusa. Nasi Waswahili tulikuwa na jibu lake tangu zamani, methali dhidi ya methali. Nilimwambia dada yule, “Kuteleza si kuanguka.” Akalia. Kisha tukachukua karatasi. Miezi 11 ni siku zaidi ya 330. Zimekwenda wapi? Nani amezifuta? Tukaandika ni nini kilichomsaidia katika siku hizo, na ni nini ambacho hakikuwapo usiku wa matanga. Kesho yake alikuja kunywa dozi, na anakuja hadi leo.

Wazazi wangu, kuteleza kwa mwanao utakuwa wa kwanza kukujua, kabla ya mshauri, kabla ya muuguzi. Neno utakalomwambia pale mlangoni litaingia kichwani mwake, na atalirudia akiwa peke yake. Ukimwambia, “Nilijua tu,” umempa ruhusa ya siku tatu. Sikuombi umpe pesa, wala sikuombi umfiche mali aliyoiba. Mzazi anaweza kusema, “Pesa sikupi, na ndani ya nyumba hii hutumii, lakini kesho saa moja asubuhi nitakusindikiza kliniki.” Hayo pia yanahitaji mazoezi, kwa sababu hata sisi wazazi na ndugu tuna maneno yetu ya haraka: “Nimpe tu elfu mbili asije akaniaibisha.” “Nimelaaniwa na mtoto huyu.” Washauri wamebeba kalamu na karatasi za kutosha. Baada ya chai, kila familia ikae na mshauri mmoja, iandike neno moja ambalo huwa linatoka mdomoni saa ya hasira, na mbele yake iandike jingine la kuliweka mahali pake. Kisha msimame, mlitamke kwa sauti.

Lakini kabla ya chai, kaka yetu kondakta ameomba dakika mbili. Ile kadi niliyowaeleza amekuja nayo. Imechakaa kwenye mikunjo, na nyuma yake ameongeza mistari ambayo hata mimi sijaiona. Amesema hataki nimsomee, atasoma mwenyewe. Kaka, karibu mbele, kipaza sauti hiki hapa.